Akili na Mutima: Maneno Mawili na Historia Yake



Katika mji wetu wa Goma, mtu mmoja huweza kutaja makao ya mawazo yake kwa maneno matatu au manne kabla jua halijatua. Shuleni husema kwamba somo limekataa kuingia kichwani. Katika soko la Virunga husifu akili ya mfanyabiashara. Jioni mama yake humwuliza ana nini moyoni. Na ikiwa nyumbani kwao husemwa Kinande, Mashi au Kinyarwanda, neno jingine huongezeka, nalo ni neno moja lenye sura tatu: omutima, omurhima, umutima.

Maneno hayo tunayatumia bila kuyafikiria, kama vile tunavyopita juu ya mawe ya volkano bila kuuliza yalitoka mlima gani. Lakini kila neno lina mlima wake. Akili lilitoka mbali, ng'ambo ya bahari. Mutima lilikuwa nasi kabla ya vijiji vyetu kuwa na majina. Ni vema kuuliza maneno hayo yalizaliwa wapi, yalikutana vipi, na kila moja linatufundisha nini juu ya binadamu anayefikiri na kuhisi.

Swali hili si la wataalamu peke yao. Mji wetu umebeba mengi: wakimbizi na kipindupindu mwaka 1994, moto wa Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021, kambi za waliohama vijiji vyao, na vita vilivyoingia mjini kwenyewe mwezi wa Januari 2025. Wengi kati yetu wana majeraha yasiyofungwa kwa bendeji. Anayetaka kumsaidia mwenzake mwenye jeraha la namna hiyo huanza kwa kutafuta neno la kulitaja, na neno atakaloshika litaamua atamtazama mwenzake huyo kwa jicho gani.

Neno la kale hutafutwaje?

Mababu zetu hawakutuachia maandishi. Basi mtu anawezaje kusema kwamba neno fulani lilikuwako miaka elfu kadhaa iliyopita?

Njia hiyo iliboreshwa kwanza huko Ulaya. Jacob Grimm, ambaye pamoja na ndugu yake Wilhelm alikusanya hadithi za watu wa Ujerumani, alieleza mwaka 1822 kwamba sauti za lugha hazibadiliki ovyo. Pale Kilatini kinapokuwa na sauti ya p mwanzoni mwa neno, Kijerumani huwa na f: baba ni pater kwa Kilatini na Vater kwa Kijerumani, neno ambalo hutamkwa kwa f, samaki ni piscis kwa Kilatini na Fisch kwa Kijerumani. Lugha mbili zinapofuata kanuni kama hiyo katika maneno mengi, ni ishara kwamba zilitoka katika nyumba moja.

Mwaka 1899 Mjerumani mwingine, Carl Meinhof, alichapisha kitabu kilichotumia njia hiyo kwa lugha za Kibantu. Baada yake Mwingereza Malcolm Guthrie alitoa majuzuu manne kati ya mwaka 1967 na 1971, na Mbelgiji Achille Meeussen, huko Tervuren karibu na Brussels, alipanga orodha ya mizizi ya maneno ya kale ya Kibantu. Kazi yao tunaweza kuionja sisi wenyewe bila kutoka Kivu. Kiswahili husema mti, na Mashi husema omurhi. Kiswahili husema watu watano, na Mashi husema abantu barhanu. Sauti ya t ya Kiswahili hukutana na rh ya Mashi. Kwa hiyo tukisikia mtima upande mmoja na omurhima upande wa pili, hatubahatishi tunaposema kwamba hilo ni neno moja: kanuni ya sauti imelishuhudia.

Mutima, neno la mababu

Sasa tulifuate neno hilo kwa miguu. Huku Kivu tumekwisha kulisikia kwa Wanande, kwa Washi na kwa wasemaji wa Kinyarwanda. Kinshasa, katika Lingala, ni motema. Karibu na Atlantiki, kwa Wakongo, ni ntima. Kasai, kwa Waluba, ni mutshima. Zambia, kwa Wabemba, ni umutima. Malawi ni mtima. Uganda, kwa Waganda, ni omutima. Hata Kiswahili cha pwani kinalo: mtima limehifadhiwa katika ushairi na katika kamusi za zamani, ingawa katika mazungumzo ya kila siku limeachia nafasi yake ndugu yake, moyo.

Neno lililotapakaa namna hiyo, toka bahari hata bahari, halikuazimwa na jirani kwa jirani. Lilibebwa. Wanaisimu wanaweka nyumba ya kwanza ya lugha za Kibantu karibu na mpaka wa Nigeria na Kameruni ya leo, na wanasema kwamba watu walianza kutawanyika kutoka huko kama miaka 4000 hadi 5000 iliyopita. Walipoondoka walikuwa na mbegu, nyungo, vyungu, na neno hili lenye mzizi wa tima.

Maana yake ya kwanza ilikuwa ya mwili: moyo, na katika lugha nyingine ini pia. Ni kiungo ambacho kila mchinja mbuzi alikifahamu, na ambacho kila mtu alikisikia kikigonga kifuani wakati wa hofu. Lakini tangu zamani sana neno hilo lilivuka mpaka wa nyama. Mutima likawa mahali ambapo mtu hukumbuka, hukusudia, huona aibu, huamua. Kinyarwanda kina neno zuri kwa ajili ya dhamiri: umutimanama, yaani moyo uunganishwao na inama, shauri. Dhamiri, kwa waliounda neno hilo, ni moyo unaotoa shauri, kama mzee anayekaa nasi ndani na kusema neno lake kabla hatujatenda.

Padri Alexis Kagame wa Rwanda (1912–1981), katika kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya falsafa ya watu wake, alifanya jambo ambalo wengi walilishangaa: alitafuta falsafa ndani ya sarufi. Alifahamu kwamba watu wasioandika vitabu vya falsafa huandika mawazo yao katika ngeli na katika mizizi ya maneno. Tukimfuata, tunaona kwamba mababu hawakumgawanya mtu kuwa kichwa kinachofikiri na kifua kinachohisi. Uwezo wa kuelewa na kutatua mambo walikuwa na jina lake, ubwenge kwa Kinyarwanda na obwenge kwa Mashi. Lakini ubwenge ulikuwa kama silaha mkononi, na mutima ndiye aliyeushika mkono. Mtu aliyekuwa na ubwenge bila mutima alikuwa hatari kwa kijiji.

Ndugu yake, moyo, naye ni Mbantu halisi. Kwa Waluba wa Kasai, moyo ni uzima, na ndilo neno la kusalimiana: wanapokutana, wanatakiana uzima. Kwa Waganda, omwoyo ni roho. Kwa hiyo Kiswahili kilipoweka neno moyo mahali pa mtima, hakikutoka nje ya ukoo. Kilihamia nyumba ya jirani katika kijiji kilekile.

Kusikia: mlango wa mutima

Mutima hupataje habari za ulimwengu? Wanafunzi hufundishwa kwamba milango ya fahamu ni mitano: kuona, kusikia, kunusa, kuonja, kugusa. Hesabu hiyo ilipewa nguvu na Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, nayo ina faida yake. Lakini lugha zetu zina hesabu nyingine.

Sikilizeni namna tunavyosema Goma. Nasikia sauti. Nasikia harufu. Nasikia baridi. Nasikia njaa. Nasikia uchungu. Nasikia maana ya maneno yako. Mwalimu wa Kiswahili sanifu huweza kutusahihisha, kwa kuwa huko pwani mara nyingi watu husema naona baridi, naona njaa, naona haya. Lakini usemi wetu si uzembe. Kinyarwanda husema kumva, na Lingala husema koyoka, na kila moja ya vitenzi hivyo hubeba pamoja kusikia kwa sikio na kuhisi mwilini. Kumva huenda mbali zaidi: ni kuelewa pia. Anayesema kwa Kinyarwanda kwamba hakusikia huenda anasema kwamba hakuelewa, au kwamba hakutii.

Ndani ya kitenzi hicho kimoja mna mafundisho mazima. Jicho hutazama kwa mbali. Mtu huweza kutazama nyumba ya mwenzake inaungua huku amesimama salama. Lakini sauti, baridi, njaa na maumivu huingia. Kusikia ni kukubali kuingiliwa. Kuelewa, kwa maana hiyo, ni kuliacha jambo la mwingine likufikie ndani, si kulishika na kulipima tu.

Akili, neno la kamba

Sasa tuvuke bahari. Akili ni neno la Kiarabu, ʿaql. Katika lugha hiyo maneno hujengwa juu ya mizizi ya konsonanti tatu, na mzizi wa neno hili una maana ya kufunga na kuzuia. Mfugaji wa ngamia, anapofika mahali pa kulala, hukunja mguu wa mbele wa ngamia wake na kuufunga kwa kamba, ili mnyama asipotee jangwani usiku. Kamba hiyo huitwa ʿiqāl. Jina hilohilo limepewa ile kamba nyeusi ya duara ambayo wanaume wa nchi za Ghuba huivaa juu ya kitambaa cha kichwa.

Ibn Manzur, mtunga kamusi mashuhuri wa karne ya 13, aliandika maelezo yaliyokubaliwa na wengi: akili imeitwa hivyo kwa sababu humfunga mwenyewe asianguke katika maangamizi. Wazo ni zuri. Akili si kamba ya jela. Ni kamba ya mchungaji. Mtu mwenye akili ni yule ambaye ndani yake kuna kitu kinachomwambia: simama hapa, usiende gizani.

Wala Waarabu wenyewe hawakuutenga moyo na kufikiri. Katika Kurani, sura ya 22, kitenzi cha mzizi huohuo kimepewa mioyo: mioyo ndiyo inayopaswa kufahamu. Kamba ilikuwa mkononi mwa moyo tangu mwanzo.

Katika miji ya pwani, ambako lugha ya Kibantu ilikaa karne nyingi pamoja na wafanyabiashara na walimu wa dini kutoka Arabuni, neno hilo lilipata ngeli na likawa la Kiswahili. Halikuja peke yake. Fahamu, fikira, hisi, nafsi, roho, dhamiri, yote yalipanda mashua ileile. Lakini Kiswahili hakikusahau vitenzi vyake vya asili. Kukumbuka ni Kibantu. Kuelewa kumejengwa juu ya kuelea: jambo lililokuwa limezama chini humwelea mtu, likaonekana juu ya maji.

Njia iliyolileta kwetu

Neno akili lilifika huku bara kwa njia ambayo hatuwezi kuitaja bila uzito. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilivuka Tanganyika ikafika Kasongo na Nyangwe, katika Maniema ya leo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alikuwa bwana mkubwa wa njia hizo. Kiswahili kilisemwa na wafanyabiashara, na wapagazi, na walinzi wenye bunduki, na pia na wale waliotembea wamefungwa makongwa shingoni.

Tutafakari hapo kidogo. Neno ambalo asili yake ni kamba ya kumlinda mnyama asipotee lilitembea katika njia ambayo kamba ziliwapoteza watu. Neno halina kosa. Lakini historia hiyo inatuonya: akili peke yake, ile ya kuhesabu mizigo, kupanga safari na kupima bei, iliweza kuendesha biashara ya watu kwa ustadi mkubwa. Misafara haikukosa akili.

Baadaye Kiswahili kilishikwa na askari na maofisa wa dola la Kongo, kisha na wamisionari. Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa na Askofu Lavigerie mjini Algiers mwaka 1868, walikitumia mashariki mwa nchi yetu katika katekisimu na katika shule. Ndipo akili ikapata makao mapya: darasani. Mtoto mwenye akili akawa mtoto anayefaulu mtihani. Polepole neno likakaa juu ya kiti cha ubwenge, kiti cha kujua na kuweza, na moyo ukaachiwa huzuni, mapendo na sala. Mgawanyo huo tunauona wa kawaida sana leo hata tunadhani umekuwako siku zote. Kumbe ni mgeni kuliko bibi zetu.

Mataifa mengine nayo yalitafuta

Kila watu walipotaka kutaja kile kisichoonekana ndani ya mtu, walikopa jina kwa kitu kinachoonekana. Makabila ya kale ya Kijerumani yalifanya hivyohivyo. Neno la Kijerumani Sinn lina maana ya akili, ya maana, na pia ya mlango wa fahamu. Wanaisimu wengi huliunganisha na mzizi wa kusafiri, kushika njia. Kwao, kuwa na akili ni kuelekea mahali. Wakati Askofu Wulfila alipotafsiri Biblia kwa lugha ya Kigoti katika karne ya 4, lugha hiyo ilikuwa na neno hugs, nafsi inayofikiri. Ndugu yake katika lugha ya watu wa Skandinavia, hugr, lilibeba pamoja fikira, tamaa na ushujaa. Mnande wa kale angalilitambua mara moja: huyo ni omutima.

Na Biblia yenyewe? Waebrania walifikiri kwa moyo. Neno lao lev ni moyo, na ndani yake mna kumbukumbu, mashauri na maamuzi. Sulemani kijana, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 3, alipoambiwa aombe atakalo, aliomba kitu ambacho kwa Kiebrania huitwa lev shomea. Tafsiri nyingi husema moyo wa hekima au wa busara. Lakini neno kwa neno ni moyo usikiao. Mtu wa Kivu hahitaji maelezo marefu: Sulemani aliomba mutima unaosikia.

Habari hiyo ilipoingia katika Kigiriki, lugha ya wanafalsafa, moyo mmoja haukutosha tena. Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, inamwamuru Mwisraeli kumpenda Mungu kwa moyo, kwa nafsi na kwa nguvu: mambo matatu. Katika Injili ya Marko, sura ya 12, yamekuwa manne, kwa kuwa limeongezwa neno la Kigiriki dianoia, ambalo Biblia zetu huliandika akili. Mwinjili hakuongeza amri mpya. Wasomaji wa Kigiriki wangeliweza kudhani kwamba moyo ni hisia tu, na kwamba kufikiri kumeachwa nje. Akaita neno la pili, ili lile la kwanza lisipunguzwe.

Hatari hiyohiyo iko kwetu leo.

Jeraha na neno lake

Tuangalie namna Kiswahili kinavyotumia maneno haya mawili, kwa maana sarufi husema kweli kuliko hotuba. Akili hupotea. Mtu hukosa akili, hupoteza akili, hurukwa na akili. Kamba imekatika, ngamia amekwenda. Neno la jirani yake, wazimu, ni la ukoo wa mzimu, roho ya mfu: mwenye wazimu ni nyumba iliyoingiliwa na wageni, mwenyewe hayumo. Tukitumia maneno hayo kwa kijana aliyeona yale ambayo hakuna mtu angepaswa kuyaona, tayari tumekwisha kumtangaza kuwa hayupo. Baada ya hapo, kumcheka au kumfungia chumbani huwa rahisi.

Moyo haupotei hivyo. Moyo huumia, huvunjika, hulemewa, huchafuka, hutulia. Kinachoumia kingalipo, na kinachovunjika huweza kuungwa. Zaidi ya hayo, moyo hupewa: tunatiana moyo, tunapeana moyo, na anayempa mwenzake moyo habaki bila moyo. Lugha imetuwekea hapo ujuzi mkubwa. Kijana anayeshtuka usiku kwa kila mlio, asiyeweza kusoma kwa sababu macho yake yanarudi daima kambini, hakupoteza kitu chake cha ndani kabisa. Ana mutima uliojeruhiwa, unaosikia kupita kiasi. Baada ya mwaka 1994 wasemaji wa Kinyarwanda waliihitaji lugha kwa ajili ya hali hiyo, na neno ihahamuka likaenea, likimtaja mtu aliyerudiwa na hofu ya kale kana kwamba mambo yanatendeka sasa. Kumpata mtu neno lisilomtukana kulikuwa tayari ni sehemu ya kumponya.

Hapa pana tahadhari mbili. Ya kwanza: kusema moyo si kukataa daktari. Majeraha ya namna hiyo yana tiba, na wako waliojifunza kuyatibu. Hapa Goma tuna kituo cha Tulizo Letu, cha Mabruda wa Frères de la Charité, shirika lililoanzishwa na Padri Petrus Jozef Triest huko Gent, Ubelgiji, mwaka 1807. Jina la kituo hicho lafaa kutafakariwa na yeyote anayeona haya kumsindikiza ndugu yake huko: halikuitwa nyumba ya wasio na akili, limeitwa tulizo, na limeitwa letu.

Ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu inatuhusu sisi tunaojiona wema. Neno jipe moyo limekuwa jepesi mno midomoni mwetu. Mwenzetu anaanza kueleza, na kabla hajamaliza tunamwambia: jipe moyo, wengine wamepata makubwa zaidi. Hapo neno la kutia moyo limekuwa mlango wa kumfungia nje. Mutima wa mababu haukujipa. Ulipewa na wengine, kwa njia ya kusikia. Aliye na mutima hukaa, akaacha baridi ya mwenzake imwingie kidogo.

Basi tusichague kati ya akili na mutima kana kwamba ni maadui. Tunaihitaji kamba ya mchungaji. Katika mji ambamo uvumi mmoja huweza kuwasha mtaa, na ambamo kijana huitwa na wengi ashike silaha, kitu kinachomwambia asiende gizani ni zawadi kubwa. Lakini kamba haijui kwa nini ngamia anapendwa. Kujua hilo ni kazi ya mutima, na tukiuacha ufe katika lugha yetu, tutabaki na werevu wa misafara.

Bibi na babu zetu bado wanalijua neno hilo kwa namna ambayo kamusi haziijui. Wako waliohama kutoka Masisi, Rutshuru, Nyiragongo na Walikale, kila mmoja na lugha yake, nao wamekaa karibu nasi katika mitaa ya Goma. Kuwauliza hakugharimu kitu.

Kwa mazungumzo katika vikundi

1. Katika lugha ya nyumbani kwenu, ni misemo gani iliyojengwa juu ya neno mutima au ndugu zake? Mwombe mzee mmoja akueleze mitatu, uilete kwa wenzako.

2. Ni maneno gani tunayotumia katika mtaa wetu kumtaja mtu aliyejeruhiwa na vita? Yapi humfanya awe hayupo, na yapi humwacha awe ndugu?

3. Sulemani aliomba moyo usikiao kabla ya kuanza kuamua mambo ya watu. Katika kikundi chetu, nani amekuwa akisema muda mrefu bila kusikiwa?